Mbinguni Kuna Miji Mingapi?

Harufu ya kwanza ya Buffalo, huku Amerika, ninayoikumbuka ni ya nafaka zinazookwa. Kuna kiwanda cha vyakula vya asubuhi karibu na ziwa, na upepo ukivuma upande wetu, mtaa mzima wa Lower West Side ulinukia mahindi ya kukaangwa yaliyotiwa asali. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yangu mzaa mama, alikaa dirishani kwenye ghorofa yetu, pua juu, akinusa kwa hasira. "Nani anakaanga hivi kila siku na hatumuone na sahani?" aliuliza, wala hakuwa anatania sana. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, nilikozaliwa, mtu akikaanga kitu chenye harufu namna ile, watoto wa majirani wangekuwa wamekwisha kujipanga mlangoni kwake. Hapa harufu ilikuwa ya bure, chakula chenyewe kiko dukani, na mwenye kukaanga haonekani. Nilikuwa darasa la tano kiangazi kile cha mwaka 2015, na jambo hilo halikunipendeza hata kidogo. Kitu kinachonukia bila kuonekana nilikitilia shaka. Nilitilia shaka vitu vingi: basi la shule, maziwa ya boksi, tabasamu la mwenye nyumba. Koko aliwaambia wageni, "Hii mtoto iko polisi," na wageni walicheka, lakini wengi wao walipunguza maneno nilipokaribia.

Tuliishi watatu. Baba alikuwa amezikwa kambini kabla sijajua kusoma, malaria ilimchukua kwa siku chache tu. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, akirudi jioni mikono imemkakamaa kwa kukunja mashuka ya wagonjwa asiowajua. Koko alibaki na mimi, na mimi nilibaki na Koko, na kwa kweli sikujua mapenzi mengine yaliyonitosha kama yale. Alinisuka nywele akinivuta hadi machozi. Alinimegea ugali kwenye sahani yake hata pale yangu ilipokuwa imejaa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na ngazi za nyumba yetu alizipanda kwa kupumzika katikati, ameshika ukuta, akisema anaangalia rangi. Rangi gani? Ukuta ule ulikuwa umebanduka kila mahali.

Jumapili alasiri tulisali kwenye ukumbi wa kanisa la Wazungu, wao wakishamaliza ibada yao na kwenda zao. Kwaya yetu ya Wakongomani ilivaa vitenge vya sare, na nyimbo nyingi zilikuwa za kule: kule tutakakopumzika, kule kusiko na kilio, kule ambako mteswa wa huku atavikwa taji. Wamama walifumba macho, mikono juu, machozi yakiwatiririka mpaka kwenye kola. Mimi sikufumba. Maneno yaleyale nilikuwa nimeyasikia kambini, yakisemwa juu ya Amerika. Kule hakuna foleni ya maji. Kule mtoto halali njaa. Kule mgonjwa anatibiwa. Walioyasema walikuwa watu wazima walewale, tena kwa sauti ileile ya kutetemeka. Basi tukafika Amerika mwezi wa pili, tumevaa viatu vya wazi, tukapigwa na baridi ambayo hakuna mtu aliyeitaja hata siku moja. Sisemi walidanganya kila kitu. Maji yalitoka ukutani kweli, na njaa hatukuiona tena. Lakini kuna mengi waliyanyamazia, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila kwaya ilipofika kwenye ubeti wa kule, nilijiuliza safari hii ni kitu gani hawakitaji.

Hata hayo ningeyameza, kama si neno moja: tutaonana. Koko alikuwa na watoto watatu waliobaki hai. Wa kwanza Mama mkubwa Esperance, wa pili Mjomba Sadoki, na wa mwisho ni Mama yangu. Kambini nyumba zao za udongo zilitazamana. Ukikohoa huku, unaambiwa pole kule. Walipoanza kuitwa kusafiri, familia moja moja, hakuna aliyelia kwa uchungu wa kweli. Walikumbatiana wakasema, tutaonana Amerika. Watu wazima, na akili zao timamu, walidhani Amerika ni kambi nyingine iliyo kubwa kidogo, kwamba ukishuka unauliza mlango wa Sadoki uko wapi, unaonyeshwa. Kwa imani hiyohiyo waligawana vyombo. Kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, kilikuja na Mama, na mchi akaondoka nao Mama mkubwa kwa sababu begi lake lilikuwa refu. Kila mmoja alijua atavuka barabara na kuazima kwa mwenzake. Wapi! Mama mkubwa alipelekwa Louisville, Mjomba akapelekwa Columbus, sisi Buffalo, na Mama akawa anatwanga sombe kwa tako la chupa huku akisonya.

Mimi nilikuwa nafikiri ni uchovu wa Mama tu unaotuzuia kuwatembelea. Halafu siku moja, shule ikikaribia kufungwa, mwalimu alitundika ramani ya nchi ukutani, nikaenda na rula yangu. Buffalo niliipata juu kabisa, imeegemea maji. Columbus ilikuwa mbali, na Louisville mbali zaidi, chini huko, kwenye rangi nyingine kabisa. Mwalimu aliniambia kwa gari ni safari ya kutwa nzima. Nilirudi nyumbani nikihesabu miji. Ikiwa nchi hii moja, iliyotengenezwa na watu, ilikuwa na miji mingi kiasi cha kututawanya namna hii, je, mbingu yenye watu wote waliokufa tangu dunia ianze? Baba alikuwa huko. Babu alikuwa huko, na watoto wa Koko aliowazika njiani. Ni nani angehakikisha kwamba tutapangwa karibu? Jioni, tukiwa mezani, nikauliza: "Koko, mbinguni kuna miji mingapi?" Nikaeleza na sababu yangu. Mama alijiziba mdomo kwa kiganja asicheke. Koko hakucheka. Tonge lake alilirudisha kwenye sahani, akasema neno moja, "Kula," akainuka na kwenda kulala na jua lingali linawaka. Tangu nimjue, Koko hakuwahi kuacha ugali. Nilijua pale pale kwamba kuna kitu anakificha, na kitu hicho ni kibaya.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalianza kukusanyika mwezi wa saba. Daktari alisema moyo wa Koko umechoka na ngazi zinamuua. Mama akaanza kupiga simu akiwa bafuni, bomba limefunguliwa, kana kwamba sijui kwamba mtu haogi huku anajibizana. Nikiingia jikoni ghafla, yeye na Koko walihamia Kibembe, lugha ambayo mimi nilijua salamu na matusi tu. Kisha nikaambiwa tunakwenda Louisville, kuna semina ya kanisa, tutampitia Mjomba Columbus, tutasali na kurudi. Nilifurahi kwa dakika kadhaa, halafu nikaenda kuangalia mizigo. Mama alikuwa amefunga begi la Koko: vitenge, dawa, Biblia, shuka lake la maua. Na chini kabisa, limekunjwa vizuri, koti lake la baridi. Koti zito, la manyoya shingoni, mwezi wa saba, joto la kutoa jasho. Nilirudisha kila kitu kama nilivyokikuta na kukaa juu ya kitanda. Hakuna anayekwenda na koti la baridi kwenye semina ya kiangazi. Walikuwa wanakwenda kumwacha.

 Nilitaka kuona uongo wao utafika wapi. Mama aliendesha gari letu kuukuu kwa kuegemea usukani, Koko mbele, mimi nyuma na begi lile, nililolikanyaga makusudi njia nzima. Jimbo la Ohio lilikuwa mahindi, mahindi, mahindi, hadi macho yakachoka, na Koko, ambaye amelima maisha yake yote kwa jembe la mkono, aliuliza kwa mshangao watu wanaokula yote haya wanaishi wapi, maana haoni hata nyumba. Mama akamweleza kwamba mengi wanakula ng'ombe. "Ng'ombe?" alisema Koko. "Bon. Basi miye nilizaliwa vibaya." Walicheka wote wawili mpaka Mama akapunguza mwendo. Mimi sikucheka. Niliwaza namna mtu anavyoweza kucheka vizuri hivyo akiwa ameshakubali kuachana na wewe.

Columbus tulilala kwa Mjomba Sadoki, mwanamume mrefu, mkimya, aliyepakia maboksi kwenye ghala na kutembea kwa kuinamisha kichwa hata mlango ukiwa mrefu. Alipomwona Koko hakumkumbatia kama nilivyotarajia. Alimpokea mizigo, akampa mkono kwa heshima, akainama kidogo, akasema, "Karibu, Mama," na Koko akajibu, "Asante, baba," macho yake yakiwa kwenye zulia. Muda wote huo hawajaonana! Nilidhani labda ni aibu ya mtu mzima. Asubuhi, akiwa anapakia vitu vyake kwenye gari letu ili twende pamoja, nilimfuata nikamuuliza wazi kama Koko atarudi na sisi Buffalo. Mjomba alifunga buti taratibu. "Tumuombe Mungu," alisema. Lo! Mtu mzima akiulizwa swali la ndiyo au hapana na kujibu tumuombe Mungu, huyo amekwisha kujibu. Nilipanda gari nikalikanyaga tena begi lile hadi Louisville.

Mama mkubwa Esperance alitupokea barabarani kwa vigelegele vilivyowatoa majirani nje. Nyumba yake ilikuwa ya chini, haina ngazi hata moja, na nyuma alikuwa amelima lengalenga, mchicha wetu, na maboga mpaka kwenye uzio. Yeye kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani, na ndani, kwenye chumba cha pembeni, nilikuta alichokuwa ametayarisha: kitanda chenye vyuma vya kushikilia, kiti cha bafuni, na pazia jipya la njano. Mtu hafungi pazia jipya kwa ajili ya mgeni wa siku mbili. Jumapili tukaenda kwenye semina, kwa maana hiyo haikuwa uongo, ilikuwepo kweli. Mhubiri mgeni, amevaa suti ya kung'aa, alihubiri juu ya wateswa. Alisema kila chozi la muumini limewekwa akiba, kila kaburi lililoachwa njiani linajulikana, na siku hiyo mama atawapokea watoto wake na watoto watampokea mama yao. Ukumbi ulilipuka. Nilimtazama mhubiri nione kama yeye mwenyewe analia, na hakuwa analia, alikuwa anajipangusa jasho. Nikamgeukia Koko. Kwenye mambo ya machozi alikuwa ameitikia amina kwa nguvu. Kwenye mama na watoto wake alifunga mdomo, akashika ukingo wa kiti. Mjomba Sadoki, pembeni yake, alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilijua sasa kwamba siri ile ilikuwa kubwa kuliko koti.

Kesho yake mchana tuliachwa wawili nyuma ya nyumba tuchambue lengalenga, Koko kwenye kiti, mimi chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilichambua vibaya, nikatupa majani na kuacha vijiti. Aliponikemea, nikapasuka. Nilimwambia najua kila kitu, koti nimeliona, kitanda nimekiona, na kwamba wao wote ni waongo, pamoja na mhubiri. Nilimwambia kambini walisema tutaonana Amerika, hatukuonana. Sasa anabaki Louisville, ataniambia tutaonana mbinguni, na huko nako nitafika niambiwe Koko wako yuko mji mwingine. Nililia kwa sauti ya kuchukiza, kamasi na yote. Koko aliniacha nilie. Kisha akaanza kusimulia, polepole, mikono ikiendelea kuchambua, na sijawahi kusikia mtu akisema kitu kigumu namna ile huku vidole vyake havikosei.

Walipoingia kambini wakikimbia vita, alisema, Mama yangu alikuwa msichana, Esperance na Sadoki walikuwa wamekwisha kuwa vijana. Waliotangulia kwenye foleni waliwanong'oneza kwamba kila familia inapewa sufuria moja na turubai moja, muwe watatu au muwe kumi. Koko akapiga akili ya njaa. Akawaambia wakubwa wawili wajipange mbali, kila mmoja aseme yuko peke yake, wapate sufuria tatu na maturubai matatu. Akili hiyo waliipiga watu wengi siku zile, na mvua ilikuwa inanyesha. Lakini Sadoki alikuwa bado amembebea mama yake mzigo kichwani, na afisa akamwonyesha kidole: huyu ni wako? "Nikasema simujue," alisema Koko. "Nikasema iko jirani ya njiani. Mtoto wangu, na mzigo yangu iko kwa kichwa yake." Sadoki alisikia. Aliutua mzigo chini taratibu, akaenda kusimama mwisho wa foleni. Usiku ule walilala chini ya maturubai matatu, na hakuna aliyezungumzia jambo lile tena. Lakini kambini ukishakuwa familia mbalimbali umekuwa familia mbalimbali. Miaka ikapita, wajukuu wakazaliwa, wakubwa wa Amerika wakaanza kuita watu, na wao waliita walichoambiwa: mama mmoja na binti yake, na majirani wawili. Kila jirani akapelekwa kwake.

 Nilikuwa nimewashuku wazungu wa ofisi, wahubiri, ramani, Mungu mwenyewe. Kumshuku Koko kwa kututawanya hakukuwahi kunipitia kichwani. "Wewe unauliza miji," alisema. "Miye sina woga ya miji. Niko na woga ya mlango." Alikuwa amekwisha kumkana mtoto wake mbele ya mtu aliyeuliza, kwa ajili ya sufuria. Je, naye akifika mlangoni, akasikia simjui? Kulia amelia, njaa amelala nayo, watoto amezika kwa mikono yake mwenyewe, na yote hayo kwaya inasema yatalipwa. Hilo moja hajasikia kwaya ikiliimba. Ndipo akaniambia kwa nini anabaki Louisville. Ngazi zilikuwa sababu ya daktari. Yake ilikuwa nyingine. "Hii miaka yote nilikaa na ule mmoja nilimukubali," alisema. "Sasa acha nikae na hawa nilikatala." Sadoki naye angehamia Louisville kabla ya baridi, alikuwa ameahidi. Koko aliweka bakuli chini na kuniuliza, mimi mtoto wa darasa la tano, akinitazama usoni: naona Mungu atamhesabia dhambi ile?  Nilitamani kusema hapana, ningetoa chochote niseme hapana. Nikasema, "Sijui, Koko." Alicheka hadi akakohoa, akanipiga begani na mkono wenye majani. "Pasta anasema nisiogope. Mama yako anasema nisiogope. Bon, mmoja tu asiyenidanganya." Kisha akaniambia nichambue upya, vijiti vile vitamkwama mtu kooni.

Tulirudi Buffalo wawili tu. Sitasema mengi juu ya safari ile. Mama aliendesha akilia na kujisingizia jua, na mimi kwa mara ya kwanza sikumhoji. Nyumba ilinuka upweke. Nilikasirika na Mjomba kwa kuutua ule mzigo kimya kimya badala ya kupiga kelele, nilikasirika na Koko, nilikasirika na mvua ya Kigoma iliyonyesha kabla sijazaliwa. Kila Jumapili tulimpigia simu, na Koko alinitania akiuliza polisi wa Buffalo amekamata nani wiki hii. Mjomba kweli alihama. Alipata kazi ghala jingine, akachukua nyumba mtaa wa pili na Mama mkubwa, na kila siku kabla ya zamu alipita kumnyanyua Koko kitandani na kumweka kwenye kiti. Mama mkubwa alitueleza kwamba hawazungumzi sana. Anamnyanyua tu, anamrekebishia kitenge, anaondoka.

Majani yalipokuwa yameanza kuanguka, Mama mkubwa alipiga simu tukiwa tunakunywa chai, na kwa namna Mama alivyokaa chini nilijua. Tulifika hospitali Louisville siku ya pili, mchana. Chumba kilikuwa kimejaa, na korido pia: kwaya, jirani mwenye sufuria ya supu, wamama wa kanisa na watoto mgongoni. Wakongomani hawajui kuugua wachache wachache. Muuguzi, mwanamke Mwafrika Mmarekani mwenye nywele za kijivu, alisema kwa upole lakini akimaanisha kwamba chumbani watabaki watoto wa mgonjwa peke yao, wengine wasubiri nje. Mkalimani wa simu sauti ilikuwa inakatika, kwa hiyo akanigeukia mimi. Muulize bibi yako, alisema, kati ya hawa, nani watoto wake?

Sijawahi kutafsiri kitu kwa woga namna ile. Nilimwona Mjomba Sadoki ameshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, kichwa chini, bila kuambiwa. Koko alifumbua macho. Akautoa mkono wake chini ya shuka, mkono mwembamba, sindano imefungwa juu yake, akamwonyesha Mjomba kwanza. "Ule iko wangu," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko pumzi aliyokuwa nayo. "Miye nilimuzaa. Andika." Muuguzi hakuwa na kitu cha kuandikia. Akamwonyesha Mama mkubwa, akamwonyesha Mama. Kisha mkono haukushuka. Akamwonyesha mwimbaji wa kwaya, huyu pia wangu. Jirani wa supu, wangu. Mama mmoja kutoka Goma aliyemfahamu kwa wiki chache tu, wangu. Na waliokuwa koridoni, mmoja mmoja, mpaka mkono ukachoka na Mama mkubwa akaushikilia usianguke. Muuguzi alinitazama. Kweli wote hawa ni watoto wake? Mimi, niliyewaita watu wazima wote waongo, nilimtazama machoni nikasema ndiyo, wote, bila kupepesa. Hakuwa mjinga yule mama. Akaenda kutafuta viti. Mjomba alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameweka uso kwenye kiganja cha mama yake, analia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Koko alifariki siku chache baadaye, asubuhi, baada ya kunyanyuliwa na kuwekwa kwenye kiti.

Leo sisi tunaishi Riverside, mtaa mwingine wa Buffalo, nyumba ya chini, na mimi ni mtu mzima mwenye gari linalowaka bila kuombwa. Louisville naenda kwa siku moja, naijua kila stesheni ya mafuta njiani. Tuna simu zinazoonyesha nyuso. Tulichokikosa wakati ule sasa tunacho, na bado tunaonana mara chache kuliko nilivyodhani tungeonana, kwa sababu kila mtu ana zamu yake, na binamu zangu wakinisalimia wananisalimia kwa Kiingereza. Kanisani bado sifumbi macho. Mhubiri akianza habari za taji, bado namtazama mikono. Nasoma kila karatasi kabla ya kutia sahihi, na mtu akiniambia tumuombe Mungu, namwuliza tena swali langu. Sikupona ugonjwa ule, wala sidhani nitapona. Lakini kwaya ikifika kwenye ubeti wa kule, kuna kitu kinanibana hapa kifuani, na nimeacha kujidanganya kwamba ni hasira. Namtaka Koko. Utotoni nilitaka kujua kama ni kweli. Siku hizi nataka iwe kweli, hata wakinipangia mimi Buffalo ya huko na yeye wakampangia Louisville, ilimradi katikati pawe na barabara.